Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Malindi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, assalamu alaykum na hamjambo nyote.

Karibu Malindi. Wageni wa shule hii huoneshwa mpira na ngoma kwanza. Wewe uliuliza maabara iko wapi, nasi hatujasahau. Leo tunakuonesha jinsi kemikali zinazong'aa zinavyotumika kutambua ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hata ndani ya seli hai.

Mezani mbele yako pana bilauri mbili za soda ya toniki, ile chungu yenye kwinini, na taa ya urujuanimno ya kukagulia noti bandia, tuliyoazimwa na mwenye duka jirani. Madirisha yakifungwa na taa kuwashwa, soda itang'aa buluu. Kisha katibu wetu atatia kijiko cha chumvi ya Gongoni katika bilauri moja na kukoroga. Buluu itafifia papo hapo. Ioni za kloraidi zilizomo chumvini huzigonga molekuli za kwinini zilizokwisha kufyonza mwanga, na nguvu ambayo ingetoka kama mng'ao huishia kuwa joto. (Mwalimu wa kemia alitukataza kuionja ile soda. Wengi wetu tulitii.)

Watafiti walipotaka kupima kloraidi ndani ya seli hai, miaka ya 1980, walitumia SPQ, kemikali yenye kiini kinachofanana na cha kwinini. Dawa tuliyoijua kwa homa ya malaria ina ndugu yake kwenye hadubini!

Kwa upande wa metali, kazi hii ya kutambua kwa mng'ao ni kongwe. Mwaka 1867 mwanakemia Friedrich Goppelsröder alionesha kuwa morini, rangi ya manjano itokayo kwenye mti wa jamii ya mforsadi, hung'aa kijani ikikutana na aluminiamu. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya chupani. Kuingia ndani ya seli bila kuiua ni shughuli nyingine kabisa, na hapa ndipo klabu yetu ilipokaa muda mrefu zaidi.

Chukua kalsiamu. Seli ikiwa imetulia, kalsiamu iliyo huru ndani yake ni kidogo mno, kama mara 10,000 pungufu ya ile iliyo nje. Moyo unapopiga, kiwango cha ndani hupanda na kushuka kila pigo. Mwanakemia Roger Tsien na wenzake walitangaza kitambuzi cha kalsiamu, yaani kemikali ambayo mng'ao wake hubadilika ikikutana nayo, kiitwacho fura-2, mwaka 1985. Kwa kuwa kina chaji, hakipenyi utando wa seli, basi chaji hizo hufunikwa kwanza kwa vikundi vya esta. Kikishaingia, vimeng'enya vya seli hukata vile vifuniko, nacho hubaki humo kama samaki aliyeingia demani. Humulikwa kwa mwanga wa nanomita 340, kisha 380, na uwiano wa mng'ao wa mara mbili hizo ndio kipimo. Hivyo seli iliyofyonza rangi nyingi haimdanganyi mpimaji. Kwetu sisi, uwiano huo ndio werevu wenyewe.

Zinki, zebaki na risasi nazo zina vitambuzi vyake. Anioni, yaani ioni zenye chaji hasi kama kloraidi, ni wakaidi zaidi, kwani maji huzikumbatia sana na kitambuzi hulazimika kuzinyang'anya. Sianidi, ile sumu ya muhogo mchungu ambayo bibi zetu huitoa kwa kumenya, kuloweka na kuanika, huzuia seli kutumia oksijeni. Baadhi ya vitambuzi vyake hubeba shaba inayozima mwanga. Sianidi ikija huing'oa ile shaba, na mwanga hurudi.

Mheshimiwa, hatukuja bila maombi. Maabara yetu haina mapazia meusi, na majaribio ya mwanga tunayafanya tumebanana ndani ya stoo ya viti. Tunaomba mapazia, taa zetu wenyewe za urujuanimno, na miwani ya kukinga macho, maana taa hizo si za kutazamwa. Pia tunaomba utusaidie kupata ruhusa ya kuzuru maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi. Nauli wazazi wamekubali kuchanga. Kinachotukwamisha ni barua ya mtu ambaye KEMRI watamsikiliza.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Sayansi.