Malalamiko kuhusu safari ya ibada ya Mount Abu, 11 hadi 13 Februari 2025

Mtaa wa Kisutu,
Dar es Salaam.
3 Machi 2025

Meneja wa Safari za Ibada,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOTIMIZWA KWA RATIBA YA IBADA TULIYOILIPIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi, mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 74, na mama yangu mdogo tulikuwa miongoni mwa abiria 14 wa safari yenu ya kuzuru mahekalu ya Kihindu katika mji wa milimani wa Mount Abu, jimbo la Rajasthan, India. Tulilipa shilingi 3,650,000 kila mmoja, jumla shilingi 10,950,000. Stakabadhi zenu ninazo zote, pamoja na karatasi ya ratiba mliyotupa ofisini kwenu mwezi Desemba. Nimeshapiga simu mara tatu tangu turudi, na jibu nililopata ndilo lililonifanya nikae chini niandike barua hii.

Naomba kwanza nieleze kwa nini tulisafiri, maana nadhani chanzo cha yote ni kwamba ofisi yenu haikuelewa jambo hili tangu mwanzo.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu aliugua sana. Mama aliweka nadhiri kwamba kijana akipona, yeye mwenyewe atapanda kwa miguu ngazi za hekalu la Mama Arbuda, mungu wetu wa kike, amvike chundadi, yaani shela ya kichwani, aliyoishona kwa mkono wake, na atafanya hivyo alfajiri ya siku ya mwezi mpevu, akiwa amefunga. Mdogo wangu alipona. Mama akaanza kushona. Kitambaa chekundu, ukingo wa nyuzi za dhahabu, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo ilimchukua miezi. Mwezi mpevu wa Magha, mmoja wa miezi ya kalenda yetu ya Kihindu, mwaka huu uliangukia Jumatano tarehe 12 Februari. Tulichagua safari yenu kwa sababu ya tarehe hiyo moja. Nilimwambia dada wa mapokezi hivyo hivyo, naye akaniwekea kidole kwenye mstari wa ratiba: "12 Februari, saa 11:30 alfajiri, arati ya Mama Arbuda," yaani ibada ya taa. Nikalipa palepale.

Sasa nieleze siku yenyewe ya tarehe 12.

Tuliamka saa 9 usiku. Mama alioga, akavaa sari yake nyeupe, akakaa kwenye kiti cha mapokezi ya hoteli na chundadi mapajani. Baridi ya Mount Abu mwezi huo ni kali kwa mtu wa pwani. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,220 hivi, na hakuna aliyetuambia tubebe sweta. Saa 11 hakuna basi. Saa 12 hakuna basi. Kiongozi wa msafara alishuka saa 1:30 asubuhi akasema tutaondoka baada ya kifungua kinywa. Nilipomwonyesha ratiba yetu aliisoma kwa mshangao, akasema yeye hajawahi kuiona.

Basi likaondoka saa 1:45 na kuelekea mahekalu ya Dilwara. Ninyi mnaotuma watu huko mnapaswa kujua kwamba hekalu la Mama Arbuda liko kwenye njia hiyohiyo ya kwenda Dilwara. Tulipita chini ya ngazi zake. Tuliona bendera nyekundu, tukaona watu wakipanda na nazi mikononi, tukasikia kengele. Mama akaniuliza, "Si hapa?" Nikasema ndiyo. Nikamwomba kiongozi asimamishe gari hata kwa sisi watatu tu. Akakataa, akasema ratiba ni Dilwara kwanza.

Dilwara tulifika saa 2 kasoro asubuhi. Mahekalu yale ni ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, ndugu Meneja, si ya Wahindu, ingawa kwenye karatasi yenu mmeyahesabu kuwa hekalu la tano la Kihindu. Wajaini ni jirani zetu na tunawaheshimu, na kazi ya marumaru iliyomo mle, katika hekalu la mwaka 1031 na lile la 1230, sijapata kuiona mahali pengine popote. Lakini asubuhi ni saa zao za ibada. Wageni wasio Wajaini huruhusiwa kuingia kuanzia saa 6 mchana. Utaratibu huo unajulikana, na mlinzi wa getini alimwambia kiongozi wetu bila kumung'unya maneno. Basi tukakaa. Watu 14, wengi wao wazee, tulikaa kwenye maduka ya nje kwa zaidi ya saa nne tukisubiri lango lifunguliwe, huku hekalu tulilokuja kulizuru liko wazi kilomita chache nyuma yetu.

Tulipotoka Dilwara na kurudi kwa Mama Arbuda ilikuwa saa 7:30 mchana. Kila aliyekulia kwenye dini yetu anajua kwamba mchana Mungu huandaliwa chakula, kisha pazia hushushwa apumzike, na hekalu hufungwa hadi alasiri. Hata hapa kwetu Kisutu ni hivyo. Mtoto wa shule anajua. Kwa hiyo ninyi mlitupeleka Dilwara saa ambayo hakuingiliki, mkatuleta kwa Mama Arbuda saa ambayo pazia limeshuka. Mngegeuza tu, asubuhi Arbuda na mchana Dilwara, kila kitu kingekwenda sawa bila kuongeza hata lita moja ya mafuta.

Mama hakukubali kubaki chini. Ngazi ni 365. Alizipanda moja moja, mkono mmoja ukutani, mkono mwingine kwenye bega langu, tangu jana yake hajala kitu cha maana, na jua la mchana limeshawaka juu ya mawe. Kila ngazi 20 hivi tulikaa. Tulitumia karibu dakika 50. Juu kabisa kuna mwamba mkubwa, na chini ya mwamba kuna upenyo mfupi unaokulazimu kuinama sana ili uingie pangoni alipo Mama Arbuda. Tunaamini hapo ndipo ulipoangukia mdomo wa Sati, mke wa mungu Shiva. Upenyo ulikuwa umefungwa kwa geti la chuma. Mama akaweka paji la uso kwenye lile geti, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kama mlango umefungwa si tukae mpaka ufunguliwe."

Kiongozi alinipigia kutoka chini akisema basi linaondoka, maana wamekwisha chelewa. Nilimwomba asubiri hadi saa 10. Alisema haiwezekani. Basi likaondoka na wenzetu wote, mama mdogo akiwemo, na sisi wawili tukabaki juu ya mlima katika mji tusioujua, bila maji zaidi ya chupa moja. Kijana anayeuza maua pale alituletea mkeka na maji, akakataa pesa. Ningependa mjue kwamba siku hiyo mtu aliyemhudumia mteja wenu ni muuza maua.

Geti lilifunguliwa saa 10. Mama aliingia akiwa ameinama hadi karibu kutambaa, akampa kuhani chundadi, naye akamvika Mama Arbuda. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kurudi hotelini tulikodi teksi kwa rupia 500, sidai hizo.

Ila kwa kukaa pale tulikosa hekalu la Achaleshwar na kilele cha Guru Shikhar, na yote mawili tulikuwa tumeyalipia. Mama alikuwa na hamu kubwa ya Achaleshwar, ambako hakuna sanamu ya Shiva kama mahekalu mengine, ila shimo lenye alama inayoaminika kuwa ya kidole gumba cha mguu wake, kidole kinachoushikilia mlima usitikisike. Tangu utotoni mwake Tanga alikuwa akisimuliwa na bibi yake habari za Nandi, fahali wa Shiva, sanamu ya metali tano, aliyeko pale mbele. Hakumwona. Mama mdogo naye, aliyekwenda na basi, alipewa dakika 20 Achaleshwar, na Guru Shikhar, mita 1,722, wakafika wakiwa wanakimbizwa. Alishika kamba ya kengele, akapiga mara moja, akaitwa arudi garini. Haraka ya nini? Ili wawahi kutazama jua likizama kwenye eneo la watalii! Hilo halikuwamo kwenye ratiba yetu hata kidogo.

Usiku ule dereva, ambaye ni mtu mwungwana na simlaumu kwa lolote, alinionyesha karatasi aliyopewa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imechakaa pembeni, kwa hiyo nadhani anaitumia kwa makundi yote. Iliandikwa: Dilwara, saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Arbuda, dakika 20. Achaleshwar, dakika 20. Guru Shikhar, dakika 30. Halafu machweo, saa nzima. Dakika 20 kwa ngazi 365, kupanda, kusali na kushuka! Nimeipiga picha na naiambatisha hapa pamoja na ile mliyotupa sisi. Ziwekeni ubavu kwa ubavu. Ya kwetu ni ya waumini, ya dereva ni ya watalii, na safari iliyofanyika ni ya dereva.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Mliandika "chakula cha mfungo kitapatikana" na mliniuliza mwenyewe kwenye fomu. Hoteli haikuwa na taarifa yoyote. Hakukuwa na sabudana, zile punje za wanga tunazokula tukifunga, hakukuwa na viazi vya chumvi ya mawe, na kila kilichokuwepo kilikuwa na vitunguu, ambavyo mfungaji hali. Mama alishinda na ndizi mbili na njugu alizobeba kutoka nyumbani. Nasema pia, kwa haki, kwamba jioni ya tarehe 11 kwenye hekalu la Raghunath kando ya ziwa Nakki mambo yalikwenda vizuri na hatukuharakishwa.

Tuliporudi nilipiga simu. Mtumishi wenu alinisikiliza, kisha akasema, "Lakini mama si alimwona huyo Arbuda?" Siku mbili baadaye nikapokea ujumbe wa punguzo la asilimia 10 kwa safari ya Oktoba. Mama yangu ana miaka 74 na tangu siku ile goti lake la kulia limevimba. Safari ya Oktoba anaipandaje?

Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikwenda Umra mwaka jana. Alinisimulia kwamba kampuni yake iliweka sheikh katika msafara, na basi lilipangwa kufuata saa za sala, si sala kufuata basi. Hakuna aliyemwambia swala ya alfajiri ataikuta mchana. Mimi nilidhani na sisi tumenunua kitu kama hicho. Katika safari ya ibada saa ndiyo bidhaa yenyewe. Kitanda, kiti cha basi na chai vinapatikana kokote. Alfajiri ya mwezi mpevu wa Magha kwa Mama Arbuda inapatikana mara moja kwa mwaka, na hiyo ndiyo mliyotuuzia na hamkutupa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwenye stakabadhi zenu sehemu ya India, yaani hoteli, basi, chakula na kiongozi, ni shilingi 1,200,000 kwa kila mtu. Nadai mrejeshe kiasi hicho chote kwa mama na kwangu, na nusu yake kwa mama mdogo, jumla shilingi 3,000,000. Sidai nauli ya ndege, maana ndege zilikwenda kama mlivyoahidi.

Pia namwombea mama barua ya kuombwa radhi, iliyoandikwa kwake kwa jina lake na kusainiwa na wewe mwenyewe, ikitaja ngazi zile na saa zile. Kwake hiyo ni kubwa kuliko fedha. Na kabla hamjauza tena safari hii, karatasi ya dereva na ya abiria ziwe moja, saa za kufungua na kufunga kila hekalu ziulizwe kwa hekalu lenyewe, Dilwara iandikwe kuwa ni ya Wajaini, na kiongozi awe mtu anayesali au angalau anayejua kwa nini wenzake wanasali. Nimesikia kuna kundi mnaloliandaa kwa ajili ya Navaratri, sikukuu yetu ya usiku tisa. Humo wamo wazee wawili wa mtaa wetu, na nimeshawaambia wasubiri majibu yenu kwangu kabla ya kulipa.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 21. Yasipopatikana nitapeleka jalada hili lote Tume ya Ushindani, idara ya kumlinda mlaji. Nyumbani nipo kila siku baada ya saa 11 jioni, na mama yupo siku nzima, endapo mtapenda kuja wenyewe.

Wenu,

Mteja, kundi la Februari
(kwa niaba ya mama na mama mdogo)

Viambatisho: nakala za stakabadhi tatu, ratiba ya abiria, picha ya karatasi ya dereva, fomu ya chakula.