Barua kwa Mwanangu Askari: Usiondoke Kabla Hujalimaliza

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Nimepata habari mbili wiki moja: jina lako limo katika kundi linalokwenda kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, na umemtumia mkeo talaka kwa ujumbe wa simu. Ya kwanza uliniambia wewe. Ya pili nimeisoma kwenye simu ya mkwe wangu, ambaye yuko hapa na watoto tangu Jumanne. Kwa nini hukuniambia?

Sikukatazi kumwacha. Mambo ya chumbani kwenu siyajui na sitaki kuyajua. Ninalokuomba ni kwamba usiondoke nchini kabla hujalimaliza jambo hili la talaka.

Unadhani umekwisha kumwacha. Kwa masheikh, talaka moja imetoka, eda, yaani muda wa mke kungoja baada ya talaka, inahesabiwa, na ndani yake unaweza kumrejea. Lakini kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huyo bado ni mkeo, na atabaki mkeo mpaka mahakama iivunje ndoa. Sheria hiyo ni moja kwa mvuvi wa Kibirizi na kwa askari wa kikosi. Mnaanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, kwa kuwa mlioana Kiislamu. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ile fomu namba 3. Talaka ya Kiislamu ambayo mahakama inaitazama ni ile iliyotolewa baada ya baraza kusema limeshindwa. Wewe umeanzia mwisho. Na hati hiyo umri wake ni miezi 6. Ikipita bila shauri kufunguliwa, mnarudi barazani upya. Nimekaa mzee wa baraza pale mahakama ya mwanzo, nimeona watu wazima wakirudishwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Usinijibu kwamba mkuu wako wa kikosi anajua. Anaweza kuwaita, kuwakalisha, hata kukukaripia. Kuvunja ndoa hawezi.

Tena kuna jambo ambalo vijana hamlifikirii. Mtu ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, sheria inamruhusu kwenda mahakamani bila kupitia baraza. Umeniambia safari ni ya mwaka. Kwa hiyo wewe ukiwa Bangui au porini huko, shauri linaweza kufunguliwa hapa Kigoma na wewe hupo kusema lako. Au yeye asifungue, akae tu, si mke si mtalaka, kama aliyetundikwa. Habari za mama yako mkubwa unazijua, wala sipendi zisimuliwe tena katika nyumba hii.

La tatu linanitoa usingizi, na mama yako hajui kama nimeliandika. Desemba 2017 vijana wetu zaidi ya 10 waliuawa kwenye kambi ya Semuliki, Kongo. Mungu akuepushie. Lakini likitokea, mjane ni nani? Sheikh atasema eda ilikwisha, huyu si mjane wako. Mahakama itasema ndoa haijavunjwa, mjane ni huyu. Baba zako wadogo watasema lao, unawafahamu. Na watoto wako watakuwa wamekaa katikati wakisikiliza. Ukijaza karatasi za safari wakakuuliza mke, utaandika nani? Limalize, mwanangu. Ama mrejee, ama nenda barazani.

Kuhusu nyumba ya Gungu, nimesikia unasema ni yako peke yako kwa kuwa fedha ni za mshahara wako. Hapo umenikera. Wewe ulikuwa Tabora kambini. Aliyekaa juani na mafundi, akihesabu mifuko ya saruji huku ana mimba, ni nani? Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sisemi ni nusu kwa nusu, mahakama ndiyo hupima. Ila usijidanganye kwamba ataondoka na sanduku la nguo.

Na watoto: mdogo bado hajafika miaka 7, na chini ya umri huo sheria huanza na dhana kwamba anafaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vingine. Matunzo yanabaki juu yako popote wanapolala. Mwezi huu hukutuma. Viatu vya shule nimenunua mimi.

Nikipita sokoni watu wananiita Baba Afande, nami naitika kwa furaha, nisikufiche. Hakuna aliyefika ulipofika katika ukoo huu. Ndiyo maana sitaki usikie jina lako likiitwa korido ya mahakama na mtu asiitike.

Omba ruhusa wiki hii, hata ya siku chache, upande treni uje. Nimezungumza na sheikh wa BAKWATA, yuko tayari kuwaita wote wawili. Mkeo amekubali kukaa kikao. Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Mabati ya jikoni yametoboka na masika yanakuja. Fedha ukituma, tumia namba ya mama yako, si ya baba yako mdogo. Kuna dumu la mawese limewekwa kwa ajili yako na migebuka mikavu. Kama hupati ruhusa niambie mapema nimpe mtu wa treni. Mdogo wako anataka kujiunga na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, pale Bulombora, anakungoja wewe umpe shauri. Mimi nimemwambia asubiri matokeo.

Nipigie kabla ya Ijumaa.

Baba yako