Mpwa wangu, nilikuwa nawaambia bado uko shule

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana najua umeninunia.

Una haki. Kila nikiulizwa kijiweni hapa Ngamiani, "Yule daktari wenu yuko wapi siku hizi?", nilikuwa najibu, "Bado yuko shule," huku natazama baiskeli zinapita. Udaktari miaka 5, mafunzo ya hospitali mwaka 1, ubingwa wa magonjwa ya ndani miaka 3, ukaongeza ubobezi wa moyo, sasa uzamivu. Wenzako wamefungua zahanati, wewe unatazama picha za mioyo na kuandika makala. Daktari gani asiyetoa hata kidonge?

Ukaja Idi, siku mbili tu (waja leo waondoka leo, Watanga tulivyo). Mtoto wa jirani, tuliyezoea kumwita wa pumu, akapita mlangoni anahema. Ukamlaza kwa ubavu wa kushoto kwenye kochi la mkazamjomba wako, ukampaka jeli kifuani, ukachomeka kidude cha kupiga picha ya moyo kwenye simu. Ukanyamaza muda mrefu. Kisha ukaniita nione: vali ya mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inafunguka nusu kama mlango uliovimba kwa mvua. Ukamuuliza mama yake kuhusu mafindofindo. Kumbe yalimsumbua sana alipokuwa mdogo zaidi, na hayakutibiwa sawasawa. Hayo ndiyo yaliyoleta homa ya rumatiki, na homa hiyo ikaila vali.

Usiku ukanisimulia Inge Edler, daktari wa moyo wa Lund, Sweden, aliyetaka kuijua vali hiyohiyo kabla mgonjwa hajapasuliwa. Mwaka 1953, yeye na mwanafizikia Hellmuth Hertz walijaribu kwenye moyo mashine ya kiwanda cha meli cha Malmö, iliyotafuta nyufa za chuma kwa mawimbi ya sauti. Mwanangu! Mimi nimekula chumvi ya bandari hii miaka 26. Nimewaona wakaguzi wakipaka grisi kwenye bati la meli na kupitisha kidude chao, kwa sababu sauti ile ikikuta hewa hairudi na habari yoyote ya maana. Jeli yako ndiyo grisi yao. Ungeanzia hapo siku zote, ningekuelewa.

Makala bado siyaelewi, nisikudanganye. Ila ulisema kitu kimoja kimenikaa: mashine zinanunulika, macho ya kuzisoma ndiyo hayatoshi. Basi ukimaliza usije kufungua zahanati. Njoo ufundishe vijana wa huku, hata wiki moja kwa mwaka. Chumba kipo, na samaki wapo.

Mtoto alifika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Anachomwa penisilini kila wiki ya nne ili homa ile isirudi, na kelele zake mtaa mzima tunazijua.

Kijiweni sasa nawaambia unafundisha. Wameuliza mshahara. Nimewaambia wakuulize wewe.

Mjomba wako