Waombaji wa ukaazi wa kudumu waambiwe faili zao zilipo

Mhariri,

Mjadala kuhusu ukaazi wa kudumu nchini Kenya huishia kwenye swali la nani anastahili. Hilo Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilishalijibu: kwa mfano, aliyefunga ndoa na Mkenya anaweza kuomba baada ya miaka 3. Shida huanza fomu ikishatumwa na ada kulipwa. Mwombaji hajui faili yake iko meza gani wala atajibiwa lini, na hakuna mwajiri anayeridhika na jibu la “bado inashughulikiwa”.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu (si raia pekee, watu husahau hilo) haki ya kuhudumiwa upesi na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi uamuzi ukimwathiri vibaya. Idara ya Uhamiaji basi itangaze muda wa mwisho wa kuamua kila ombi. Muda ukipita, mwombaji aandikiwe kilichokwama, kiwe hati iliyokosekana au uchunguzi wa usalama. Ianze na wenzi wa Wakenya, ambao watoto wao tayari ni raia.

Msomaji,
Mombasa