Kujua Kiarabu peke yake hakutoshi

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu maana limenikaa kooni toka mwezi uliopita.

Mi nasoma akiolojia, na kwa ajili ya tasnifu nilikuwa na makala mbili za Kiarabu, moja ya uchimbaji kule Omani, nyingine ya msikiti wa Kizimkazi. Nikazipeleka ofisi moja ya tafsiri, jamaa akazipitia juu juu akasema Kiarabu ni Kiarabu tu, wiki moja unachukua mzigo wako. Nikalipa.

Mzigo ukaja, nafungua nakutana na "vyungu vya mama wa moto". Huyu mama ni nani tena? Kumbe ni Umm an-Nar, kile kisiwa cha Abu Dhabi ambacho jina lake wanaakiolojia wameipa zama nzima, kama miaka 2700 mpaka 2000 kabla ya Kristo, sasa jina la mahali unalitafsiri la nini? Mbele kidogo eti "ghorofa ya tatu" imejaa majivu na mifupa, wakati ile ni tabaka ya tatu ya udongo, na neno tabaka tunalo wenyewe jamani.

Lililoniuma hasa ni Kizimkazi. Maandishi ya pale kibla yana mwaka 500 Hijria, yeye kajumlisha 622, mwaka ambao Hijria ilianza kuhesabiwa, kaandika 1122. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 hivi, hujumlishi tu kama unahesabu chenji, jibu ni 1107. Miaka 15 imeliwa hivihivi!

Simlaumu sana, vyeti vya ndoa anatafsiri vizuri. Ila mwenye shida kama yangu, kabla hujatoa hela mpe nusu ukurasa wenye tarehe na majina ya vyungu, akianza kukuuliza maswali huyo anafaa, asipouliza kitu beba karatasi zako.

Mi mwisho nilikaa na ustadhi mmoja anayesoma hati za zamani, yeye ananifungulia sentensi, mi namwonyesha picha ya kitu chenyewe, kurasa nne jioni nzima na kahawa juu. Lakini kufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu, ikiwa haina nukta, ba na ta na nuni zote zinafanana, hata yeye kanyoosha mikono. Kama kuna msomaji anayeiweza, aandike hapahapa gazetini, picha ninazo.

Msomaji wako,
Unguja