Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jalada la Akademik Sofia

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tufungue jalada la klabu moja ya mpira wa kikapu ya Ulaya Mashariki na kulikamilisha kabla ya kugusa nyingine. Halmashauri ilichagua Akademik Sofia ya Bulgaria. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi naeleza kazi yenyewe.

Akademik ilianzishwa mwaka 1947, ikiwa timu ya wanafunzi wa vyuo. Tahadhari ya kwanza ni jina, kwa kuwa Bulgaria ina Akademik zaidi ya moja. Georgi Glouchkov, mchezaji wa kwanza kutoka nchi za kambi ya Kisovieti kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alichukuliwa na Phoenix Suns mwaka 1985 akitokea Akademik Varna, si Sofia. Anayenakili orodha asiache kuandika mji.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu ni fainali mbili za kwanza za Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Juni 1957 Sofia iliandaa mashindano ya mataifa ya Ulaya, na Bulgaria ikamaliza ya pili nyuma ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka uliofuata Akademik ilifika fainali ya kombe hilo la klabu dhidi ya ASK Riga ya Latvia, timu ya kocha Alexander Gomelsky na senta Jānis Krūmiņš mwenye urefu wa sentimita 218. Fainali ilichezwa nyumbani na ugenini, pointi zikajumlishwa. Riga ilishinda kwao 86–81. Kwa hiyo ushindi wa pointi sita Sofia ungetosha, na wa tano ungesawazisha jumla. Akademik ikafungwa 84–71 mbele ya watu wake, jumla 170–152. Mwaka 1959 walikutana tena, na safari hii mambo yaliharibika mapema: 79–58 kule Riga. Marudiano yalihitaji ushindi wa pointi 22, lakini Riga ikashinda tena, 69–67. Kwa maoni yangu, kufika fainali mbili mfululizo katika mashindano mapya ni heshima ambayo hakuna taji la ligi ya nyumbani linaloifikia, na nimeomba kurasa hizo zitangulie katika jalada.

Msilinganishe pointi hizo na za leo. Wakati huo hapakuwa na mstari wa pointi tatu (FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, iliuingiza mwaka 1984), na mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 20. Robo nne za dakika 10 na saa ya sekunde 24 zilianza mwaka 2000. Kabla yake timu ilipewa sekunde 30 kurusha.

Enzi ya pili ni ya udhamini. Ikiitwa Lukoil Akademik, kwa jina la kampuni ya mafuta ya Urusi, klabu ilichukua ubingwa wa Bulgaria kila mwaka kuanzia 2003 hadi 2013, yaani mara 11 mfululizo. Levski, klabu nyingine ya Sofia, ilikata mnyororo huo mwaka 2014. Akademik ikarudi na kushinda 2015, 2016 na 2017, na hilo ndilo taji lake la mwisho. Mwaka 2018 ubingwa ukaenda Levski, na jina la Lukoil nalo likahamia huko. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Balkan ya mji mdogo wa Botevgrad, iliyokuwa imesubiri miaka 30.

Anayesoma orodha ya mabingwa peke yake atadhani Akademik ilisahau kucheza. Sababu iko kwenye mikataba. Wachezaji wengi, hasa wa kigeni, husajiliwa kwa msimu mmoja mmoja. Mdhamini akiondoka ligi inapomalizika, klabu huwa na miezi michache tu ya kutafuta fedha, na wazuri huwa wamekwisha saini kwingine. Ndiyo maana nimeagiza safu ya mdhamini iwekwe kando ya safu ya bingwa katika kila jedwali tutakalotengeneza.

Mwaka ujao halmashauri inapendekeza Balkan Botevgrad. Taarifa za magazeti zinazotofautiana kuhusu tokeo moja ziwekwe zote, kila moja na tarehe yake, hadi zilinganishwe na kumbukumbu za FIBA. Atakayejitolea kusoma maandishi ya Kisirili, yaani alfabeti ya Kibulgaria, ajiandikishe kwa katibu leo, kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.