Kushinda zote na bado kuachwa

Mhariri,

Msomaji wenu aliyedai kuwa futiboli ya Kimarekani ya vyuo (ile ya kubeba na kurusha mpira) huamuliwa uwanjani tu auangalie msimu wa 2023. Florida State ilicheza mechi 13, ikashinda zote, ikatwaa ubingwa wa ACC, mojawapo ya kanda (ligi) za vyuo, kwa kuifunga Louisville 16-6. Ikaachwa nje ya mchujo wa ubingwa wa taifa! Nafasi zilikuwa nne tu, nayo kamati ya watu 13 inayochagua timu huruhusiwa kuzingatia majeraha ya wachezaji. Jordan Travis, kwotabeki wao, yule anayerusha mipira, aliumia vibaya mguu Novemba. Alabama, iliyokwisha kufungwa mara moja, ikapita. Wachezaji wengi wa Florida State wakasusia Orange Bowl, mechi waliyopewa nje ya mchujo, Georgia ikawatandika 63-3. Kipigo hicho hakithibitishi chochote. Msimu wa 2024 nafasi za mchujo zikawa 12, tano zikitengewa mabingwa wa kanda.

Msomaji, Dodoma